Honi Tatu za Mzazi

Honi zilipolia, Coralie Hobday alikuwa ameinamia tanuri la kibanda cha chakula, koleo mkononi, akitoa pai za mwisho. Tatu, fupi fupi, zenye mkwaruzo. Hakuhitaji kuuliza ni za gari gani. Pikapu yao ilizama mpaka kwenye usukani mwaka wa mafuriko, na tangu hapo honi yake hulia kama mbuzi mwenye mafua.

Tatu.

Aliliacha tanuri wazi akakimbilia dirishani. Tarrawill watu hutazama mpira wao wa yai, unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu, kutoka ndani ya magari yao, pua za magari zimegusa uzio wa uwanja, na timu ikifunga, magari yote huachia honi ndefu kwa pamoja, mvurugano mtupu. Lakini akifunga mtoto wako, mambo huwa mengine. Wenzako wote hunyamaza kwanza. Wewe mzazi unapiga tatu fupi, peke yako, kisha ndipo wengine waitikie. Kanuni hiyo haikuandikwa popote na hapana aliyewahi kuivunja. Coralie alikuwa akizisubiri honi zake tangu mwanawe Tully alipovaa jezi ya wakubwa, na alizisubiri akijua huenda asizipate, maana Tully ni beki wa mwisho. Kazi ya beki wa mwisho ni kukaa mbele ya milingoti ya nyumbani, kuzuia riziki za wengine. Misimu yote hiyo hajafunga hata goli moja. "Siku atakayofunga," Kel, mumewe, alizoea kumwambia, "nitaibonyeza ile honi mpaka ing'oke."

Kwa hiyo macho yake yalikwenda kwanza upande wa maghala ya ngano, walikokuwa wakishambulia vijana wa Tarrawill. Hapakuwa na kitu kule. Mwamuzi wa goli alikuwa amesimama na koti lake jeupe, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri basi. Bendera za goli zilikuwa zinapungwa upande wa pili, chini ya misonobari. Huko vijana wa Kurrabin walikuwa wamerukiana migongoni, na Tully amebaki peke yake mdomoni mwa goli, mikono kichwani, anatema mate.

Goli la Kurrabin. Na katika ule mstari mzima wa magari ya Tarrawill, gari lililoshangilia lilikuwa moja tu, la kwao.

"Kel amelala nini?" aliuliza mtu kwenye foleni ya pai.

Coralie alicheka, na alicheka kwa dhati. "Timu zinabadilishana upande kila robo. Mzee wangu bado yuko robo ya tatu. Mnavyomjua."

Akarudi kwenye tanuri. Pai mbili zilikuwa zimeungua.

Tarrawill walishinda kwa pointi tatu, na namna walivyoshinda ndiyo iliyojaza ukumbi wa klabu jioni ile hadi watu wakasimama mpaka mlangoni. Kurrabin ni mji wenye benki, wenye hospitali, wenye taa za kuongozea magari. Kila mwaka huja Tarrawill kuchukua ushindi kama mtu anayekuja kuchukua nguo zake kwa dobi. Leo walikuwa nyuma kwa pointi nne na mpira uko hewani mbele ya milingoti. Kijana wao yeyote angeudaka, angepiga goli, pointi sita, basi. Tully aliruka katikati ya msitu wa mikono, na badala ya kujaribu kuudaka akaupiga ngumi, akautoa nje ya mstari wao wenyewe, pembeni mwa goli, kati ya mlingoti mrefu na mfupi. Hapo Kurrabin wakapata pointi moja. Moja haikuwatosha. King'ora kikalia.

"Mabeki," alisema Gav Pelling, mchinja nyama, akipita meza hadi meza na tiketi za bahati nasibu ya nyama. "Washambuliaji wetu leo wangebaki nyumbani kulisha kuku, tungeshinda vilevile."

"Tungeshindaje bila kufunga, Gav?" aliuliza Mzee Alby Treloar, anayetundika namba kwenye ubao wa matokeo tangu ubao ule ulipokuwa mti ulio hai.

"Tungetoka sufuri kwa sufuri, lakini kwa heshima."

"Wewe ndiyo maana nyama yako ngumu, huna hesabu." Mzee Alby alifuta povu la bia kwenye sharubu. "Lakini kwa mabeki nakuunga mkono. Wale mapacha wa Sorensen pembeni, umeona walivyokaba? Mtu akigeuka anakuta pacha, akigeuka huku anakuta pacha, akadhani ni mmoja anayemfuata kama deni. Na Tully. Mimi nimeona mabeki. Beki mjinga pale anataka kuudaka. Adake, apigwe picha, mama yake aibandike kwenye friji."

"Mama yake yuko hapa, anakusikia," alisema Coralie, akiweka sinia la mikate mezani.

"Asikie. Mwanao hakutaka picha, Coralie. Alitoa moja akaokoa sita. Ubeki ndio huo. Unampa mtu kidogo ili asichukue vyote."

Coralie alijiona mwepesi, kama mtu aliyevuliwa buti zenye tope. Wakati mwingine mama wa mshambuliaji hupita kifua mbele, na mama wa beki hupita ukutani. Leo yeye ndiye aliyekuwa akipigwa mabega. Hata harufu ya dawa ya kuchua iliyotoka chumba cha kubadilishia nguo ilimnukia vizuri. Noelene Crisp, shoga yake, ambaye gari lake huegeshwa ubavuni mwa pikapu yao kila Jumamosi, na ambaye hupokezana naye chai dirisha kwa dirisha tangu watoto wao wakiwa na nepi, alimkonyeza kutoka upande wa pili wa meza.

Kel alikuwa ameketi kati ya Noelene na ukuta, glasi yake haijaguswa.

"Haya Kel, ndugu yangu," alisema Gav, "Kurrabin wamekupa kadi ya uanachama, au unawashangilia kwa kujitolea?"

Meza ikacheka.

"Kiwiko," alisema Kel. "Nilikuwa najinyoosha."

"Kiwiko mara tatu?" Mzee Alby hakuwa tayari kuliachia tonge tamu kama hilo. "Nilikuwa juu ya ngazi, namba mkononi. Nimesikia moja, mbili, tatu. Kiwiko chako kimesoma, bwana."

"Acheni kumsakama mume wa watu." Noelene aliinua mkono kama mtu anayejisalimisha. "Ni mimi. Niliingia kwenye pikapu kuchukua chupa ya chai, nikakalia usukani kwa makalio. Na haya makalio mnayajua, hayakai mara moja yakatosheka."

Watu waliangua kicheko mpaka mtu kule kaunta akauliza wanacheka nini. Gav alipiga meza. Coralie naye alifungua mdomo acheke, na kicheko kikakwama njiani.

Chupa ya chai ilikuwa jikoni. Alikuwa ameichukua mwenyewe asubuhi ili awatilie waamuzi supu, na bado ilikuwa pale, kando ya sinki.

Tena Kel alikuwa ameshasema ni kiwiko. Mabeki wawili wakiuparamia mpira mmoja hugongana vichwa, na Coralie, mama wa beki, aliujua mgongano huo akiuona. Akamtazama Noelene. Noelene hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Kel, mara moja tu, haraka, kwa lile jicho ambalo mabeki hupeana mpira ukiwa juu. Niachie, wangu huo.

Utani haujawahi kumuua mtu Tarrawill. Kel mwenyewe ametaniwa kwa mambo makubwa zaidi ya honi, akacheka. Sasa kwa nini Noelene ajitupe chini kumwokoa? Mtu halindi goli ambalo hakuna anayelishambulia.

Coralie hakuwa amepata jibu pale wachezaji walipotoka kuoga. Ukumbi ulisimama. Tully alikuja nywele zikidondosha maji, plasta juu ya jicho, akavutwa huku na huku, akapigwa mgongo, akafika mezani kwao hana hata pumzi. Gav alimkabidhi sinia la nyama la mchezaji bora: mbavu za kondoo, soseji, vyote vimefungwa kwa nailoni.

"Sasa tuambie," alisema Gav. "Yule dogo wao, Joss Lattimer. Wanasema Kurrabin hawajapata mpigaji kama yule tangu enzi za mababu. Umemweka mfukoni mchana kutwa."

"Isipokuwa ile moja."

"Ile moja msamehe."

"Nimeshamsamehe. Ana mguu mzuri, lazima niseme." Tully alivuta kiti akakaa karibu na mama yake, akachukua mkate mkononi mwake bila kuomba, kama afanyavyo tangu utoto. "Na ana madaha. Amedaka, sawa, ana haki ya kupiga bila kuguswa. Mimi nimesimama mbele yake, mikono juu. Nikamwona anaugongesha mpira kwenye goti. Mara mbili, polepole. Halafu akaupuliza pale kwenye kamba inayoshonea ngozi. Nikasema, he, huyu ameyaokota wapi haya ya Baba?"

Akacheka, mkate mdomoni.

Hakuna aliyecheka naye. Wazee wa meza ile wote walimwona Kel Hobday alipokuwa mshambuliaji, kabla ya goti lake kuharibika. Walimwona akiugongesha mpira mara mbili na kuupuliza kwenye kamba, na walimzomea na kumshangilia kwa hilo. Mzee Alby alitumbukiza macho kwenye bia yake. Gav alikumbuka ghafla kwamba kuna meza hajaziuzia tiketi.

"Ulimfundisha wewe nini, Baba?" Tully aliuliza, bado anatabasamu.

"Watoto wa siku hizi," alisema Kel, "wanaona kila kitu kwenye simu."

Lakini Kel alicheza wakati ambapo Tarrawill nzima haikuwa na kamera isipokuwa ya harusi. Pumzi ile kwenye kamba haikuwahi kurekodiwa. Ilibidi mtu akuonyeshe, asimame nyuma yako, akushike mikono.

Coralie alimtazama mumewe. Kel alikuwa akitazama vikombe vya klabu juu ya kabati, kimoja baada ya kingine, kana kwamba ni mara yake ya kwanza kuviona. Na Coralie akazikumbuka Jumapili. Jumapili zote za Kel kwenda Kurrabin kutengeneza pampu za watu, na kurudi jioni viatu vina majani ya uwanja, si grisi. Aliyakung'uta majani yale yeye mwenyewe, kwa brashi, mlango wa nyuma.

Alisimama akakusanya glasi, ingawa nyingine zilikuwa bado na bia, akatoka nazo.

Noelene alimkuta kwenye ngazi za nyuma ya jiko, penye mitungi ya gesi. Mlango ulijifunga nyuma yao na kelele za ukumbi zikazama.

"Shoga, baridi hii utaugua."

"Chupa ya chai iko kwenye sinki, Noelene."

Ndani walikuwa wameanza kuimba wimbo wa klabu, wamekumbatiana mabega, wanakanyaga sakafu.

"Tangu lini?" aliuliza Coralie.

"Si hapa, mwenzangu."

"Tangu lini?"

Noelene alikaa kwenye ngazi. Alikuwa muuguzi kwa miaka mingi, wodi ya wazazi, Kurrabin. "Nilikuwa zamu," alisema. "Nikatoka na karatasi zangu, nikamkuta Kel kwenye korido. Ana maua ya kituo cha mafuta, yale yenye bei imebandikwa. Alivyoniona, maua yakamponyoka. Rosalind Lattimer alikuwa ndani amejifungua."

"Kwa hiyo tangu siku aliyozaliwa."

"Nilimwambia Kel akueleze. Nilimwambia, nikamwambia. Mwaka ukapita. Ukawa unaniletea jamu, tunazungumza watoto, na neno linakuwa zito zaidi kila nikilitazama. Nikasema, bora asijue. Nilikuwa nakulinda, Coralie."

"Ulisimama kwenye goli la nani, Noelene? Maana langu halikuwa na mtu."

"Usiseme hivyo."

"Umenishika mkono mama yangu akizikwa. Kila Jumamosi umenipa chai kwa dirisha, unacheka na mimi, na mume wangu amekaa katikati yetu. Mlikuwa mnacheza wawili, mimi ndiye mpira."

Noelene alianza kulia bila sauti. Siku nyingine yoyote Coralie angekaa chini amkumbatie, na mkono wake ulitaka hata sasa kufanya hivyo, kwa mazoea. Aliuingiza mfukoni. Akashuka ngazi, akaelekea kwenye uzio.

Kel alikuwa ameshatoka. Alikuwa kwenye pikapu, kiti cha dereva, taa zimezimwa, vioo vimeanza kushika ukungu. Coralie alizunguka akaingia upande wake, upande aliokalia maisha yake yote ya ndoa, akafunga mlango taratibu. Mbele yao uwanja ulikuwa umebaki na watoto wachache waliorushiana mpira, na mwanga mwembamba nyuma ya maghala.

Alisubiri. Alikuwa na hakika ataanza Kel, na Kel akaanza.

"Nilimfundisha yule kijana kupiga," alisema. "Mara chache. Mama yake aliniomba, hana mwanaume pale nyumbani, nikaona si vibaya. Ilibidi nikuambie, najua. Kwa hilo nakuomba radhi."

"Usinipe moja, Kel."

"Nini?"

"Unanipa moja ili nisichukue sita. Mimi ni mama wa beki. Usinichezee mchezo huo."

Kel alishika usukani kwa mikono miwili kana kwamba gari linakwenda. Mtoto mmoja uwanjani aliupiga mpira ukagonga mlingoti, mlio mkavu ukaja mpaka kwao.

"Ni wangu," alisema. "Mwaka wa ukame. Nilipokuwa nafanya kazi kwenye maghala ya Kurrabin. Iliisha zamani, Cora, mimi na Rosalind, iliisha hata kabla hajazaliwa. Lakini mtoto si kitu cha kuisha."

Coralie alishangaa kwamba neno lenyewe halikumwangusha. Lilimkuta ameshaanguka. Kilichomuuma kilikuwa kingine, kidogo, na kilimjia kama swali la mtu mwingine. "Umempigia honi mara ngapi?"

"Kamwe. Nilikuwa nakwenda kumtazama viwanja vya mbali, mkikaa mnadhani niko kwenye mnada wa kondoo. Anafunga, nami nakalia mikono. Kweli kabisa, naikalia, hivi, chini ya mapaja. Leo nilikuwa na kikombe, nikakiweka chini, mikono ikawa wazi. Akaugongesha ule mpira mara mbili, na mimi nikasahau niko upande gani wa uzio."

"Mbele yake alisimama Tully."

"Najua."

"Alimfunga Tully, Kel. Na wewe ukapiga tatu. Zile tatu nilizozisubiri, ambazo mwanangu hajawahi kuzisikia."

"Tully ni beki. Beki hafungi, si kosa lake wala langu."

Coralie aligeuka akamtazama. Kulikuwa na kitu katika ule wepesi wa jibu, neno lililotoka limeshapigwa pasi kama shati. Akamkumbuka Tully utotoni, akipiga mpira juu ya tangi la maji mpaka giza linaingia. Mtoto alikuwa na mguu. Watu walisema ana mguu wa baba yake. Kisha siku moja, sharubu ndiyo kwanza zinaota, akarudi mazoezini kimya, akasema Baba amezungumza na kocha, sasa atacheza nyuma. Usiku ule alikula kidogo. Kel alimwambia mwanawe mezani: una mikono, mwanangu, huna mguu.

"Kwa nini ulimrudisha nyuma?" aliuliza.

"Alikuwa na mikono mizuri."

"Kel."

Kioo kilikuwa kimejaa ukungu kabisa sasa. Kel alizungumza akikitazama.

"Joss alikuwa ameanza kucheza ligi ya watoto. Nilimwona siku moja anapiga. Nikaja nyumbani nikamwona Tully anapiga. Mtu mmoja, Cora. Mguu mmoja, bega moja, hata namna ya kuinama. Nikafikiri, hawa siku moja watacheza mbele wote wawili, uwanja mmoja, na kila mwenye macho ataona. Kwa hiyo nikazungumza na kocha."



Yaani ule ubeki. Mapigo ya mgongo, sinia la nyama, Mzee Alby na sharubu zake za povu, mji mzima ukiimba humo ndani jina la beki wake. Kijana alinyang'anywa mguu wake ili mtu mzima afiche wake, akaambiwa hana kitu alichokuwa nacho, akaamini, akajifanya mtu mzuri kwa kile alichobakiziwa. Na leo kwa ngumi yake ameilinda timu ya watu waliokuwa wakimlinda baba yake.

"Usimwambie leo," alisema Kel. "Nakuomba. Mimi nifanye utakalo. Nifukuze, nitalala kwenye banda la ngano. Lakini leo ni siku yake. Mwache aimalize. Nitamwambia mwenyewe, wiki ijayo, tukitulia."

Na hilo lilikuwa na ukweli, na ndiyo sababu lilikuwa baya. Mlango wa ukumbi ulifunguka, mwanga wa njano ukamwagika kwenye nyasi, na Tully akatoka, begi begani, sinia la nyama mkononi, akija kwao. Coralie alifuta kioo kwa kiganja akamwona. Alikuwa akitembea kwa ule mchechemeo wa mtu aliyepigwa akafurahi.

"Cora," alisema Kel kwa sauti ya chini. "Mlinde mtoto."

Tully aliweka sinia juu ya boneti akainamia dirisha la mama yake. Coralie alishusha kioo.

"Mbona mmejificha huku? Noelene analia jikoni, hataki kusema. Gav ananiambia nisiulize maswali, ninunue tiketi." Macho yake yalikwenda kwa baba yake, yakarudi. Tabasamu lilikuwepo bado, limebaki kama taa iliyosahauliwa ikiwaka mchana. "Mama. Ile honi. Nani alipiga?"

Jibu lilikuwa tayari. Noelene alishaliandaa, limepikwa, limewekwa mezani. Makalio ya Noelene. Maneno matatu tu, Tully angecheka, angepanda nyuma ya pikapu, wangerudi nyumbani wakakaange soseji. Kesho Coralie angekuwa mmoja wao, kwenye mstari na Noelene, na Mzee Alby na bia yake, na Gav na tiketi zake, bega kwa bega, wamemwachia mwanawe kila kitu isipokuwa kilicho chake. Kila mmoja wao alianza hivyo hivyo. Siyo leo. Mwache aimalize siku.

Alifungua mlango akashuka.

"Kaa hapa, mwanangu," alisema. "Baba yako ndiye aliyepiga. Atakuambia kwa nini, na atakuambia kwa nini unacheza nyuma. Asipokuambia lolote katika hayo mawili, njoo kwangu, mimi nitakuambia."

"Cora," alisema Kel.

Tully alimtazama mama yake, kisha akaingia, akakaa mahali pa mama yake, na mlango ukafungwa.

Coralie alipenya uzio akaingia uwanjani. Alitembea bila kuchagua njia, na miguu ikampeleka chini ya misonobari, kwenye mdomo wa goli, ambapo nyasi zilikuwa zimekwisha na tope limebaki na alama za visigino vya Tully. Watoto waliondoka na mpira wao. Kutoka pale pikapu ilikuwa kitu cheusi chenye kioo cheupe, na nyuma ya kioo vivuli viwili visivyosogea.

Kisha kimoja kikainama mbele, paji la uso juu ya usukani, na honi ikalia. Haikuwa fupi wala tatu. Ilikuwa moja, ndefu, ya mkwaruzo, haiishi.

Ndani ya ukumbi watu walishangilia. Mtu alitoka mbio kwenda kwenye gari lake akaitikia kwa honi ndefu, na mwingine akaitikia, na mwingine, mstari mzima wa uzio, magari ya Tarrawill yakimpongeza beki wao.

Mlango wa pikapu ulifunguka. Tully aliteremka, akaliacha sinia la nyama pale juu ya boneti, akapita katikati ya kelele zile kama asiyezisikia. Alikuja moja kwa moja, akikata uwanja. Coralie alibaki amesimama pale mdomoni mwa goli, mikono ameishusha, akimsubiri afike.